Masasisho ya mfululizo au matoleo yenye namba: mashine za kazi zifuate njia ipi?

Swali

Ndugu wanajukwaa,

Ninasimamia kompyuta kumi na nne za kikundi cha watafiti pamoja na seva moja ya hifadhidata yao. Seva ina Debian 12, Linux inayotolewa kwa matoleo yenye namba, kompyuta za watafiti zina mchanganyiko wa kila aina kwa sababu kila aliyejiunga aliweka mfumo aliouzoea, na mpakato wangu mwenyewe una Arch, Linux inayosasishwa mfululizo bila namba za matoleo, huu ukiwa mwaka wa nne. Sasa nimetakiwa kuziweka kompyuta zote kwenye mfumo mmoja, na nimekwama kwa sababu ndani ya wiki moja pande zote mbili zimenitesa.

Upande wa mfululizo ulianza hivi. Mpakato ulikaa miezi miwili na nusu bila kuwashwa. Niliporudi nilihitaji programu moja ndogo kwa haraka, nikaandika pacman -Sy (pacman ni chombo cha Arch cha kuweka na kusasisha programu) na jina la programu, ikaingia bila kunung'unika. Baada ya kuzima na kuwasha, mazingira ya eneo-kazi hayakufunguka. Nilibaki na skrini nyeusi na mstari wa amri. Nikasema basi, nisasishe mfumo mzima. Pacman yenyewe ikakataa kuanza, ikidai haioni faili la libicuuc.so.75. Chombo ambacho ningekitumia kutengeneza ndicho kilichokuwa kimeharibika.

Upande wa namba nao una yake. Mtafiti mmoja anahitaji Python 3.13 kwa kazi yake, na Debian 12 ina 3.11 na itabaki na 3.11 mpaka mwisho wa uhai wake. Nilimwambia asubiri, na nikaona usoni mwake kwamba sikuwa nimemsaidia.

Sitafuti kujua nani anapenda nini. Ninachoomba kuelewa ni hiki: ile namba ya toleo inatupatia kitu gani hasa, na anayeikataa anapata nini badala yake?

Jibu la kwanza

Pole kwa yaliyokukuta. Nimesimamia seva kwa muda mrefu na nitasema wazi kwamba niko upande wa namba, lakini nitajitahidi kutoa sababu.

Namba ya toleo ni jina la mkusanyiko wa vifurushi vilivyojaribiwa pamoja, na ni ahadi kwamba mkusanyiko huo hautabadilika tabia kwa muda uliotajwa. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023. Kabla ya hapo ghala lake liligandishwa kwa miezi kadhaa, yaani matoleo mapya ya programu yalizuiwa kuingia, na kazi iliyobaki ikawa kurekebisha kasoro tu. Tangu siku ile, kifurushi ulichoweka siku ya kwanza na kifurushi utakachoweka leo vinaelewana, kwa sababu maktaba zilizo chini yake ni zilezile.

Timu ya usalama hulihudumia toleo la Debian kwa miaka mitatu, kisha huduma ya muda mrefu huongeza miwili. Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na kulihudumia kwa miaka mitano. Fedora hulihudumia toleo lake kwa takriban miezi kumi na mitatu tu. Kwa hiyo hata ndani ya kambi ya namba ahadi hazilingani urefu, na mtu asiridhike kwa kuona namba peke yake. (Kwa Ubuntu namba ni mwaka na mwezi wa kutolewa. Toleo lao la kwanza la muda mrefu lilipangiwa Aprili 2006, likachelewa kwa wiki sita hadi Juni, na ndiyo maana linaitwa 6.06.)

Jambo linalowapoteza wengi ni kudhani kwamba programu yenye namba ya zamani lazima iwe na matundu ya zamani. Tarehe 7 Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji, ulioitwa Heartbleed, ukigusa matoleo kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f, na waandishi wake wakatoa 1.0.1g kuwa tiba. Seva zangu za Debian 7 zilikuwa na 1.0.1e. Nilisasisha siku hiyohiyo, nikauliza toleo, nikajibiwa 1.0.1e. Mkuu wangu wa kazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akiisoma namba ileile aliyoiona kwenye orodha ya matoleo mabovu, na ilinichukua muda kumwonyesha mkia wa jina la kifurushi, 1.0.1e-2+deb7u5, ambao ulikuwa unasema kwamba kiraka kimeshonewa kwenye toleo la zamani bila kuleta kitu kingine chochote kutoka toleo jipya. Kazi ya watunzaji wa vifurushi katika matoleo yenye namba ndiyo hiyo: kulichukua rekebisho peke yake, kulirudisha nyuma, na kuyaacha mengine yote yalivyo, ili seva iliyokuwa ikifanya kazi jana iendelee kufanya kazi vilevile leo, ikiwa imepona.

Watafiti wako watataka kurudia hesabu ya mwaka juzi na kupata jibu la mwaka juzi. Mimi nisingewawekea mfumo unaobadilika kila Jumanne.

Jibu la pili

Ninatumia mifumo ya mfululizo kwa zaidi ya miaka kumi, na ninakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo ya mwenzangu. Lakini mpakato wako haukuharibiwa na mfululizo. Uliharibiwa na sasisho nusu, na inafaa kuelewa jinsi lilivyotokea kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la swali lako.

Ghala la Arch lina hali moja tu, nayo ni ya leo. Kila kifurushi kilichomo kimejengwa juu ya maktaba zilizomo leo. Ulipotumia -Sy ulileta orodha mpya ya vifurushi bila kuvisasisha vifurushi vyenyewe, kisha ukaweka programu moja kutoka kwenye orodha hiyo. Programu ile ilijengwa juu ya ICU mpya (maktaba ya kushughulikia maandishi, yenye lile faili la libicuuc), ikaivuta, na ICU mpya ilipoingia faili la zamani lenye namba 75 likaondolewa. Programu zako nyingine zote zilikuwa bado zinalitafuta lile la zamani. Pacman nayo imo: inategemea libarchive, libarchive inategemea libxml2, na libxml2 inategemea ICU. Mnyororo mfupi, lakini kiungo kimoja kilipobadilishwa, ulikatika wote. Ndiyo maana mradi wenyewe unasema bila kuficha kwamba sasisho nusu haliruhusiwi. Ni -Syu, yaani orodha mpya pamoja na vifurushi vyote, au usiguse kabisa.

Kuuponya mpakato si kazi ngumu. Washa kwa fleshi yenye picha ya usakinishaji, unganisha diski yako kwenye /mnt, na usisahau kuunganisha pia sehemu ya kuwashia, la sivyo kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, itaandikwa mahali pasipo pake. Kisha endesha pacman --sysroot /mnt -Syu, ambayo hutumia pacman nzima ya kwenye fleshi kusasisha mfumo ulio kwenye diski. Kwa kuwa miezi miwili na nusu imepita, huenda sahihi za watunzaji wapya zikakataliwa. Hilo likitokea, tangulia kusasisha archlinux-keyring, kifurushi cha funguo za kuhakiki sahihi hizo, halafu hapohapo maliza na mfumo mzima.

Sasa kuhusu faida. Mabadiliko hayaepukiki kwa yeyote, tofauti iko kwenye ukubwa wa tonge. Mimi nikisasisha leo vifurushi ishirini na kitu kikaharibika, mshukiwa yumo kati ya ishirini. Aliyevuka kutoka toleo moja kubwa hadi jingine amebadilisha kila kitu kwa usiku mmoja, na akikuta sauti haitoki au printa haichapi, hajui aanzie wapi. Historia ya namba nayo ina vipindi vyake virefu vya kungoja. Kerneli ya 2.4 ilitoka Januari 2001 na 2.6 ikaja Desemba 2003, karibu miaka mitatu, na muda wote huo wasambazaji walikuwa wakirudisha nyuma vipande vya kazi mpya kwa sababu wateja wao hawakuweza kusubiri. Debian nayo ilikaa kutoka toleo lake la Woody la Julai 2002 hadi lile la Sarge la Juni 2005. Wanaotengeneza kerneli waliiacha njia hiyo. Leo wanatoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi, na sioni anayetamani kurudi kule.

Nakiri upungufu mmoja, na ni mkubwa kwako. Mkusanyiko wangu wa leo hauna jina. Kompyuta zako kumi na nne zikisasishwa siku tofauti, utakuwa na mifumo kumi na minne, na mtafiti akikuambia "kwangu inafanya kazi" hutakuwa na cha kulinganisha. Watu wa mfululizo wamelijua hili. Arch huhifadhi kumbukumbu ya ghala lake la kila siku, kwa hiyo unaweza kuzielekeza mashine zote kwenye tarehe moja na kuzisogeza pamoja. Na openSUSE Tumbleweed hutoa masasisho yake kwa mafungu yenye tarehe, kila fungu likipimwa na mashine za openQA, mfumo wa majaribio ya kiotomatiki, kabla ya kuachiwa. Ukitazama vizuri, hiyo tarehe ni namba. Imerudi kwa sababu watu wengi hawawezi kufanya kazi pamoja juu ya kitu kisicho na jina.

Muulizaji

Nawashukuru nyote wawili. Mpakato umepona jana usiku kwa njia ya --sysroot, na kweli sahihi zilikataliwa mwanzoni.

Kuna jambo halijanikaa sawa. Jibu la kwanza linanipa hisia kwamba toleo la zamani lenye viraka ni salama zaidi, na wengine huniambia kwamba usalama uko kwenye toleo jipya kabisa kutoka kwa waandishi. Yote mawili hayawezi kuwa kweli.

Jibu la tatu

Yanaweza, kutegemea udhaifu unaouzungumzia. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa usalama na naomba niweke matukio mawili mbele yako.

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa nyuma uliolenga kuingia kupitia seva ya SSH, inayotumika kuingia kwenye mashine kwa mbali. Waliokuwa nayo ni wale waliokuwa mbele: Debian ya majaribio, Fedora iliyokuwa bado ikiandaliwa, na Tumbleweed, ambayo ilibeba toleo hilo kuanzia tarehe 7 hadi 28 Machi. Debian 12, ile iliyo kwenye seva yako, ilikuwa na 5.4.1 na haikuguswa. Hapo ukale ulikuwa ngao. Lakini tazama jinsi lilivyogunduliwa. Freund alikuwa akitumia Debian Sid, tawi ambalo vifurushi vipya huingia kwanza, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, na hakuipuuza nusu sekunde hiyo. Kama kila mtu angekuwa kwenye toleo lililogandishwa, nani angeiona? Utulivu wa seva yako ulilindwa na mtu aliyekubali kukaa kwenye mfumo usiotulia.

Tukio la pili ni la kinyume chake. Tarehe 13 Mei 2008 Debian ilitangaza kwamba kifurushi chake cha OpenSSL kilikuwa kikitengeneza funguo zinazokisika. Kosa halikutoka kwa waandishi wa OpenSSL. Lilitoka kwenye kiraka cha Debian yenyewe, kilichoingizwa Septemba 2006, ambacho kiliondoa karibu chanzo chote cha bahati nasibu na kuacha namba ya mchakato tu. Namba hiyo iliweza kuwa mojawapo ya thamani 32,768 tu, kwa hiyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo mtu aliweza kuzitengeneza funguo zote mapema na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Toleo thabiti la wakati huo, Etch, lilikuwa nalo tangu lilipotoka. Aliyechukua OpenSSL moja kwa moja kwa waandishi wake alikuwa salama.

Kila kiraka kinachoshonwa na msambazaji ni msimbo ambao waandishi wa asili hawakuuona, na kila toleo jipya kabisa ni msimbo ambao ulimwengu bado haujauishi. Ninapokagua mashine siulizi ina njia ipi. Naangalia kwanza sasisho la mwisho la usalama liliwekwa lini, na mara nyingi sana nakuta mtu ana toleo la muda mrefu ambalo hajaligusa kwa miezi minane akiamini kwamba maneno "muda mrefu" yanamfanyia kazi akiwa amelala.

Jibu la nne

Niongeze kuhusu Python, kwa sababu naona imeachwa, na ndiyo malalamiko halisi ya mtu halisi.

Mfumo si kitu kimoja. Kuna msingi, yaani kerneli, maktaba za chini, kidhibiti cha huduma; na kuna vyombo vya kazi vinavyokaa juu yake. Mtafiti wako hahitaji Debian mpya, anahitaji Python mpya, na hiyo inaweza kukaa ndani ya saraka yake mwenyewe au ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa na mfumo) bila kugusa /usr/bin/python3, ambayo zana za Debian zenyewe zinaitegemea na wewe usiibadilishe kwa hali yoyote. Mwekee 3.13 pembeni leo, asisubiri. Debian wenyewe wanaikubali tofauti hii kimyakimya: Firefox iliyomo kwenye toleo thabiti ni ile ya huduma ndefu, nayo hubadilishwa takriban kila mwaka hata ndani ya toleo lililogandishwa, kwa kuwa kurudisha nyuma marekebisho ya kivinjari ni kazi isiyomalizika. Mashine mpya ikihitaji kerneli mpya, kuna ghala la backports, lenye programu mpya zilizojengwa kwa ajili ya toleo thabiti.

Kinyume chake, kuna vitu visivyofaa kabisa kusogea vyenyewe, na cha kwanza ni hifadhidata. PostgreSQL hubadilisha muundo wa faili zake katika kila toleo kubwa, mara moja kwa mwaka. Kwenye Arch kifurushi kinaitwa postgresql tu. Siku kinaporuka toleo kubwa, kwa mfano kutoka 16 kwenda 17, utasasisha, utawasha, nayo itakataa kuanza ikisema saraka ya data iliandaliwa na toleo la 16. Hakuna kilichopotea, lakini saa ya kulijua hilo isiwe asubuhi ambayo watafiti wanasubiri. Debian huweka namba ndani ya jina la kifurushi, postgresql-15, na matoleo mawili hukaa pamoja kwenye mashine moja mpaka wewe uamue kuhama.

Na ahadi ya namba ni ahadi ya watu. CentOS 8, Linux ya seva yenye namba, ilitoka Septemba 2019 na wengi walipanga kuitumia hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba huduma yake itakoma mwishoni mwa 2021. Soma nani anaahidi na kwa nguvu gani.

Muulizaji

Nimeamua. Kompyuta kumi na nne zitapata Debian 13, zote kwa picha moja, na kila mtafiti atakuwa na mazingira yake ya kazi ndani ya kontena. Debian 13 inakuja na Python 3.13, kwa hiyo yule mtafiti amefurahi mara mbili, ingawa nimemweleza kwamba mwaka kesho atahitaji 3.14 na atajua pa kuiweka. Mpakato wangu unabaki na Arch. Nimejiwekea siku ya Ijumaa ya kusasisha, baada ya kusoma ukurasa wa habari wa mradi. Sijasahau Agosti 2022, ambapo sasisho la GRUB, programu inayowasha mfumo, liliziacha baadhi ya kompyuta zikishindwa kuwaka, na walioendesha grub-install pamoja na kuunda upya faili la mipangilio walinusurika.

Seva itafuata baadaye. Itatoka PostgreSQL 15 kwenda 17. Je, pg_upgradecluster, chombo cha Debian cha kuhamisha PostgreSQL, inatosha, au nitoe data yote kwa mkono?

Jibu la nne, nyongeza

Inatosha, lakini toa nakala kamili kwa pg_dumpall kabla ya kugusa chochote, na uiweke kwenye mashine nyingine. Ukishavuka kwenda Debian 13 na kuweka postgresql-17, usakinishaji utakuwa umekuundia klasta tupu ya 17 (klasta ni mkusanyiko wa hifadhidata za toleo moja la PostgreSQL). Ifute kwa pg_dropcluster 17 main --stop, ukisoma namba mara mbili kabla ya kubonyeza, kisha endesha pg_upgradecluster 15 main. Njia yake ya kawaida hutoa data na kuiingiza upya, kwa hiyo faharasa zinajengwa upya kwa kanuni za kupanga herufi za maktaba mpya, jambo ambalo kwa kunakili faili tu ungelikosa. Hakikisha diski ina nafasi ya nakala mbili. Klasta ya 15 itabaki imezimwa, haijafutwa. Iache hapo mpaka watafiti wafanye kazi juu ya 17 kwa angalau wiki mbili.